Lini ufumue, lini uache

Mi ni mhasibu kwa kazi na mshonaji kwa mapenzi, na watu wakijua hivyo vitu viwili kwa pamoja huwa wanashangaa, wanaona kama mtu wa namba mchana hawezi kuwa mtu wa vitambaa jioni. Wengi wanadhani nashona ili kupumzisha kichwa, yani nikitoka kwenye mahesabu naenda kwenye kitu kisichotaka kufikiri. Hapana kabisa. Kushona kunataka akili ileile ya ofisini, tena swali linaloniumiza kichwa pande zote mbili ni lilelile: hapa kuna kitu hakijakaa sawa, je nirudi nyuma nifumue au niendelee mbele? Nimekutana na swali hilo kwenye leja na kwenye mishono kwa miaka mingi sasa, na naamini kwa dhati kwamba mtu anayejua kulijibu vizuri ndo wa kuitwa mzoefu, kuliko yule mwenye fomula nyingi kichwani au mwenye cherehani ya gharama.

Nianze na mkono wa gauni maana hapo ndo pana mambo.

Wanaoshona wanajua hili, ila kwa asiyejua ntaeleza. Ukikata mkono wa kawaida wa kupachika, ile sehemu ya juu ya mviringo inayokaa begani inakuwa ndefu kidogo kuliko tundu la mkono lililokatwa kwenye mwili wa gauni. Kwa kitambaa kisichovutika tofauti hiyo huwa kama sentimita 2 hadi 4 hivi, na imewekwa makusudi, kwa sababu bega la mtu ni mviringo na mkono lazima upate nafasi ya kusogea. Kwa hiyo unapiga mistari miwili ya bandi, mishono mirefu ya milimita 4 au 5, unavuta nyuzi taratibu, unaigawa ile ziada kidogo kidogo mpaka imezwe bila kukunjana, alafu ndo unashona mshono wenyewe. Mkono uliokaa vizuri hauoneshi kabisa kwamba kuna sentimita zimemezwa pale.

Sasa chukulia umepima ukakuta ziada ni sentimita 6. Hapo ndo tabia ya mtu inaonekana. Wapo wanaovuta bandi kwa nguvu, wanabana pini kila mahali, wanashona hivyohivyo na kwa kweli mkono unaingia, kwa sababu kitambaa ni kivumilivu, ukikilazimisha kinakubali. Lakini bega linabaki na vifinyo ambavyo hakuna pasi itakayovitoa, na mvaaji akinyanyua mkono gauni zima linapanda juu. Na chanzo wala hakikuwa begani. Kilikuwa nyuma kabisa, labda mshono wa bega uliingia ndani kuliko ilivyotakiwa, labda tundu lilikatwa dogo kwa vile karatasi ya pateni, ile ya vipimo unayofuata kukata kitambaa, ilikuwa imejikunja, labda mkono ni wa saizi nyingine na mwili ni wa saizi nyingine. Begani ni pale tu tatizo lilipojitokeza likaonekana.

Ofisini hii kitu inatokea kila mwisho wa mwezi, sehemu yoyote duniani penye vitabu vya hesabu. Urari, yani orodha ya masalio ya akaunti zote, unatakiwa jumla ya debiti, upande wa kushoto, iwe sawa na jumla ya krediti, upande wa kulia, na siku hiyo haziko sawa, zimepishana, dedlaini ni kesho asubuhi na bosi anataka ripoti. Kuna akaunti ya muda ambayo wahasibu wote wanaijua, ile ya kusubiria, unaweza ukaichukua hiyo tofauti ukaitupa humo, urari ukakubali, ripoti ikatoka, kila mtu akaenda kulala. Akaunti ile ina matumizi yake halali, sikatai, kuna pesa inaingia benki hujui imetoka kwa nani unaiweka humo mpaka ujue. Lakini kuitumia kuficha tofauti ambayo hujaitafuta ni sawasawa na kusukumiza mkono wa sentimita 6 kwenye tundu lisilo lake. Imeingia, ndio. Mwezi unaofuata utaona vifinyo, tena safari hii itakuwa tofauti juu ya tofauti, na aliyeandika ile vocha ya muamala keshasahau aliandika nini.

Mi kilichonisaidia sana kwenye kushona ni kwamba uhasibu ulikuwa umeshanipa njia za kutafuta. Watu wengi wakiambiwa rudi nyuma wanafikiri maana yake ni kuanza upya kila kitu, ndo maana wanaogopa, wakati kurudi nyuma ni kazi ya kipelelezi, tofauti yenyewe huwa inakuambia imetoka wapi ukiisikiliza. Kwenye hesabu, ukikuta tofauti inagawanyika kwa 9 bila kubaki, kitu cha kwanza kushuku ni tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Mtu ameandika 4,500 badala ya 5,400, tofauti 900. Ameandika 8,270 badala ya 8,720, tofauti 450. Zote zinagawanyika kwa 9 na hiyo siyo bahati, ndivyo namba zetu za kumi kumi zilivyo. Na ukikuta tofauti ni namba shufwa, igawe kwa 2 alafu tafuta muamala wa kiasi hicho, maana kitu kilichotakiwa debiti kikiwekwa krediti kinaleta tofauti mara mbili yake, 650 upande usio wake inakupa 1,300. Sio kwamba kila mara utapata jibu hapo, ila unaanza na pale penye uwezekano mkubwa badala ya kupekua vocha moja moja huku machozi yanakulenga.

Kwenye mshono nikaanza kufanya hivyohivyo. Mkono haukai? Sifumui kwanza. Nalaza vipande juu ya pateni, napima mshono kwa mshono, bega kwanza, ubavu, mwisho tundu lenyewe, nauliza ni wapi kipimo kilipoachana na karatasi. Tofauti ikiwa sawa kushoto na kulia maana yake chanzo kiko kwenye pateni au kwenye namna ninavyoshona. Ikiwa upande mmoja tu basi ni kipande kimoja kilikatwa au kushonwa vibaya. Dakika chache za futi na chaki zinaokoa jioni nzima ya kufumua mahali ambapo hapakuwa na kosa lolote.

Alafu kuna makosa madogo. Hapa ndo napenda kukaa zaidi kwa sababu watu wanayapuuza yale ambayo hayafai kupuuzwa, na wanayahangaikia yale ambayo wangeyaacha tu.

Pateni nyingi za kununua zinakuachia nafasi ya mshono, yani kutoka ukingo wa kitambaa mpaka mshono wenyewe, ya sentimita 1.5. Tuseme we mkono wako umezoea kushona kwenye 1.8, milimita 3 tu zaidi, nani atakuona? Kwenye mshono mmoja hakuna. Ila kila mshono unashika vitambaa viwili, kwa hiyo hizo 3 ni 6 tayari. Sketi ya vipande 6 ina mishono 6. Sita mara sita ni milimita 36, karibu sentimita 4 zimepotea kiunoni, na hiyo ni zaidi ya nafasi ya kupumua ambayo viuno vingi vya sketi vinaachiwa. Mtu anaivaa inagoma kufunga zipu, anasema pateni mbovu, anasema nimenenepa. Hajanenepa. Ni milimita 3 ambazo kila mara zilienda upande uleule.

Huo upande uleule ndo neno la muhimu. Mkono unaoyumba, mara 1.4, mara 1.6, unakupa mshono usiopendeza sana kwa ndani lakini sketi itakaa, kwa sababu makosa yanaenda huku na huku yanakulana yenyewe. Hesabu ni hivyohivyo. Bei ya bidhaa moja ikikadiriwa chini kwa 0.4 na una bidhaa 10,000 stoo, hapo zimeshapotea 4,000 na hakuna mtu aliyeiba. Lakini kama nusu ya bei zimekadiriwa juu na nusu chini, jumla itakuja karibu na ukweli. Kwa hiyo mi nikiona kosa dogo, ofisini au mezani kwa cherehani, swali langu la kwanza siyo ni kubwa kiasi gani, swali ni je linajirudia na linaelekea wapi. Dogo linalojirudia upande mmoja nalifumua siku hiyohiyo. Kubwa la mara moja lililo peke yake linaweza hata kusubiri mpaka nimalize.

Wakaguzi wa hesabu wana kitu wanakifanya kabla hawajagusa hata faili moja, wanakaa wanaamua kiwango, kwamba kosa lililo chini ya kiasi fulani haliwezi kubadilisha uamuzi wa mtu atakayesoma hesabu hizi, na lililo juu ya hapo linaweza. Na kiasi peke yake hakitoshi, wanaangalia na aina, kuna makosa madogo kwa pesa lakini mazito kwa maana, mfano kitu kinachogeuza hasara kuwa faida. Hili wazo nimelihamishia kwenye ushonaji zima zima. Nikianza nguo naamua mapema wapi pasiponiruhusu kosa. Kola, mistari ya mapambo inayoonekana kwa nje, zipu ya mbele, michoro ya kitambaa kukutana kwenye mshono wa katikati, hapo milimita 2 zinaonekana kwa mtu aliyesimama mbele yako. Ndani ya pindo la sketi, milimita hizohizo mbili hakuna mtu zitamgusa. Kuna washonaji nawaheshimu sana ambao wanafumua pindo la ndani mara kwa mara mpaka kitambaa kinachoka na kuanza kulegea nyuzi, na nguo haiishi. Nawaonea huruma kwa kweli, maana juhudi ile ingewekwa kwenye kola ingeng'aa.

Na uamuzi huo lazima uje mapema, kabla ya uchovu. Ukiamua saa ya uchovu kila kosa litaonekana dogo.

Kitu kingine ni utaratibu wa pasi. Mshonaji yeyote aliyefundishwa vizuri atakuambia usivuke mshono ambao hujaupiga pasi. Yani kama mshono mmoja utakutana na mwingine, wa kwanza upigwe pasi kwanza, kwanza ukiwa umefunga ulivyoshonwa ili uzi uzame kwenye kitambaa, alafu ufunguliwe upigwe tena, na pasi unainyanyua na kuiweka, huiburuzi, kwa sababu kuburuza kunavuta kitambaa kinatoka kwenye umbo. Inachosha kweli kuinuka kila saa kwenda kwenye meza ya pasi. Ila mshono ambao haujapigwa pasi ukishavukwa na mwingine huwezi tena kuunyoosha sawasawa, umeshafungiwa humo ndani.

Kufunga mwezi nako kuna mishono ya kuvuka. Benki inaoanishwa kwanza, kila muamala wa daftari na wa taarifa ya benki, ndo unaenda kwa wadaiwa na wadai, ndo unakuja kwenye mapato na matumizi. Ukiruka benki kwa haraka, ukaanza kurekebisha wadaiwa, utakuta kuna mteja unamdai pesa ambayo ilishaingia benki, na barua ya kumkumbusha imeshaenda. Mi timu yangu naisumbua sana kwa hili, wananiambia tunachelewa, nami najibu kwa upole kwamba kuchelewa kwenyewe ndo kule, kurudi baadae kuichimbua benki wakati vitu vyote vingine vimeshashonwa juu yake.

Kuhusu mashine nina la kusema kidogo. Cherehani za kufunga mshono kwa nyuzi mbili zimetuzunguka tangu katikati ya karne ya 19, Elias Howe alipata hati yake ya ubunifu Marekani mwaka 1846 na Isaac Singer ya kwake 1851, na programu ya kwanza ya majedwali kwenye kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka 1979. Kote kulikuwa na hofu kwamba fundi na mhasibu watakosa kazi. Mashine zinakimbia kweli, na zinachokibeba zinakibeba kwa kasi ileile, kiwe kizuri kiwe kibaya. Fomula yenye kosa ukiivuta chini inajaza mistari elfu kwa sekunde. Cherehani yenye uzi wa juu uliokazwa kupita kiasi inaenda mita nzima kabla hujasimama kuangalia mshono ukaona uzi wa chini umevutwa juu. Ndo maana nikibadilisha kitambaa lazima nijaribu kwanza kwenye kipande cha masalia, kwa unene uleule na matabaka yaleyale, na sindano inayofaa, saizi 70 kwa vitambaa vyepesi, 80 au 90 kwa pamba ya kawaida, 100 kwa jinzi, na ile yenye ncha ya mviringo kwa vitambaa vinavyovutika maana ya kawaida inatoboa nyuzi na kuacha mashimo.

Nguo ngumu yenyewe nzima huwa naishona kwanza kwa kitambaa rahisi cha kutupa. Watu wananiona napoteza muda. Lakini ofisi ikibadilisha mfumo wa mishahara hakuna mhasibu mwenye busara anayezima wa zamani siku hiyohiyo, unaviendesha vyote viwili pamoja kwa mwezi au zaidi, unalinganisha jibu kwa jibu, mpaka uamini. Kile kitambaa cha kutupa ni mwezi wangu wa kulinganisha. Nakivaa, nakaa, nanyanyua mikono, nachora juu yake kwa kalamu, nakata panapobana, na masahihisho yote nayarudisha kwenye karatasi kabla mkasi haujagusa kitambaa nilichokipenda.

Ila kuna mahali kazi hizi mbili zinaachana na ni vizuri niseme, nisije nikaonekana nalazimisha kila kitu kifanane. Kwenye hesabu hatufuti. Muamala ukikosewa huufichi, unaandika mwingine wa kuugeuza, alafu unaandika ulio sahihi, vyote vitatu vinabaki pale, na mtu akija baada ya miaka ataona nini kilitokea, nani alirekebisha na lini. Hiyo alama ya kosa ndo inayofanya vitabu viaminike. Kitambaa hakina hiyo huruma. Pamba ukiifumua, ukailowesha kidogo na kuipiga pasi, matundu yanajifunga. Satini hapana, inabaki na alama. Ngozi na vitambaa vilivyopakwa plastiki kila tundu la sindano ni la kudumu, kwa hiyo huko hata pini hatutumii, tunabana kwa vibanio. Kwa hiyo lini ufumue inategemea pia umeshika nini mkononi. Kwa satini maamuzi yote lazima yaishe kabla ya sindano kushuka. Kuna maamuzi ya ofisini ambayo ni satini pia, mfano kumpunguza mtu kazini au kupeleka hesabu zilizosainiwa kwa wenye kampuni, hayo hayana muamala wa kugeuza, na nimejifunza kwenda nayo polepole hata kama simu zinaita.

Vijana wanaoingia ofisini kwangu nawafundisha kutafuta tofauti wenyewe. Kijana akija na urari uliogoma simwambii ilipo hata kama nimeshaiona, nakaa naye namuuliza umeigawa kwa 9, umeangalia salio la kuanzia kama linalingana na la kufunga la mwezi jana, umeanza na benki? Nimeona mtu akiipata mwenyewe mara moja haogopi tena. Woga ndo unaowafanya watu walazimishe, siyo uvivu. Mtu anayejua kwamba kurudi nyuma kuna njia na kuna mwisho, anarudi bila hasira. Na huo utulivu, wacha niseme ukweli, mi niliupata kwenye kushona kabla sijauona ofisini, kwa sababu kufumua mshono kwa kile kikisu kidogo ukiwa na hasira unachana kitambaa, hamna njia nyingine, lazima mkono utulie, ukate uzi kila baada ya mishono mitatu minne, alafu uvute uzi wa upande wa pili utoke wote kwa pamoja.

Watu wananiambia kila mara, we mbona usiuze hizi nguo, ungeacha kazi. Najua wanasema kwa upendo. Lakini mi nikipiga hesabu ya masaa yaliyoingia kwenye koti moja lenye bitana, na najua kupiga hesabu za gharama, bei itakayotoka itanilazimisha ama niharakishe ama nipunguze yale ninayoyajali, na kitu cha kwanza kupunguzwa kitakuwa ni hiki cha kurudi nyuma. Nampa heshima kubwa fundi anayeishi kwa kushona, yeye kashalitatua hilo kwa mikono yenye kasi ambayo mi sina na sihitaji kuwa nayo. Kwangu nguo inasubiri. Sketi iliyokatwa mshazari, ile ya nyuzi kukaa digrii 45, inatakiwa itundikwe siku nzima kabla ya kupinda, kwa sababu kitambaa kinashuka kwa uzito wake na pindo linakuja kupanda na kushuka. Mteja anaweza asisubiri. Mi nasubiri.

Kitu cha mwisho ambacho ofisi imekipeleka kwenye meza yangu ya kushonea ni karatasi za kazi. Mkaguzi anafundishwa kuandika kiasi kwamba mkaguzi mwingine mzoefu, ambaye hakuwepo, akifungua faili aelewe nini kilifanyika, matokeo yalikuwa nini na kwa nini iliamuliwa vile. Basi kila nguo yangu ina ukurasa wake. Nimebandika kipande cha kitambaa, nimeandika kama kilifuliwa kabla ya kukatwa na kilipungua kiasi gani urefu na upana, sindano gani, urefu wa mshono, mkazo wa uzi uliokubali, masahihisho ya bega na ya kiuno. Na chini ya hapo nina sehemu mbili ambazo nadhani ndo zenye faida kuliko zote, nilichofumua na sababu, na nilichokiona nikakiacha na sababu. Hiyo ya pili nawashauri sana wenzangu muianze, iwe ya nguo au ya hesabu, iandikeni siku hiyohiyo kabla hamjalala, kwa maneno yenu ya kawaida tu.